Shimo la Kidole Gumba

Siku mliyoniaga mlinipa blanketi zuri na mwavuli, lakini kuna jambo lililonifurahisha kuliko zawadi zote mbili. Yule mwenzenu, mwanafunzi wa uuguzi wa mwaka wa kwanza, Tereza, aliona viatu vyangu vimenibana. Hakuniuliza kitu. Alipiga magoti pale pale kwenye sherehe, akashusha soksi yangu, akanibonyeza muundi kwa kidole gumba, akangoja kidogo, akainua kidole. Kisha akawaita wenzake waje waone shimo lililobaki. Mimi nimeshika sahani ya ndizi na nyama, mzee mzima nimegeuzwa somo. Wengine walimkemea eti hana adabu. Mwacheni. Ndivyo nilivyofundishwa mimi, tena aliyenifundisha alikuwa na adabu ndogo kuliko ya Tereza.

Mmeniomba niandike habari za kazi yangu. Nitaandika, ila msitegemee kusoma nani alipandishwa cheo lini na nani alilipwa nini, maana mambo hayo hayajawahi kumponya mtu. Nimeacha kazi kwa sababu ya macho. Siku hizi nikiinua kipimajoto dirishani naona kioo tu, ule mstari wa zebaki siuoni, na mgonjwa ananikodolea macho akingoja nimwambie kama ataishi. Muuguzi asiyeona zebaki aende nyumbani akapalilie kahawa. Na mimi hata hiyo kahawa siijui sawasawa, kwa kuwa kwetu Mabira tulikuwa watu wa ng'ombe.

Nilianza kazi miaka michache kabla ya vita ya Hitla. Baba hakupenda. Alisema mtu aliyezaliwa na ng'ombe nyumbani hawezi kwenda kuosha usaha wa watu asiowajua. Katekista wetu ndiye aliyembembeleza, akamwambia kwamba nitarudi nikijua dawa za ndama pia. Huo ulikuwa uongo mtupu, lakini ulinifikisha. Nilitembea kutoka Mabira na fimbo yangu ya kuchungia, nikalala njiani kwa jamaa, nikafika hospitali ya misheni nikiwa na vumbi mpaka kwenye kope.

Aliyenipokea alikuwa Sista Klotilda. Daktari Mzungu tulikuwa naye, lakini alikuwa na zahanati nyingi za kuzungukia, na gari lake lilipenda sana kulala matopeni, kwa hiyo hospitali aliishika Sista. Alikuwa Mhaya wa huko ziwani, mfupi, mnene, na vazi lake jeupe halikukosa doa la ayodini. Nilimwambia shikamoo. Aliangalia kucha zangu, akanipa beseni na brashi, akasema, "Mikono kwanza, salamu baadaye." Nikasugua. Akaangalia, akanirudisha. Nilipomaliza ndipo akaitikia marahaba, na mimi nilikuwa nimeshasahau kwamba nilimwamkia.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuchemsha mabomba ya sindano na kunoa sindano zenyewe. Naam, kunoa. Ninyi mnapata sindano mpya mara kwa mara. Sisi sindano moja ilitumika mpaka ikawa kama msumari, na kila asubuhi nilikaa na jiwe laini nikiinoa, kisha naipitisha juu ya pamba. Ikinasa nyuzi, bado. Sista alikuwa na dawa yake kwa mnoaji mvivu: siku ukihitaji sindano wewe, unachomwa na ile uliyoinoa vibaya. Nilipata homa mwezi wa pili. Baada ya hapo sindano zangu zilisifika.

Hatukuwa na kitabu. Sista alikuwa nacho kimoja cha Kijerumani, kimeliwa na mchwa kuanzia sura ya figo, kwa hiyo alitufundisha kwa maswali. Mtu mmoja aliletwa na jipu pajani, akaniuliza naona nini. Nikasema jipu. Akasema hata kuku wa jikoni anaona jipu. Kisha akaniuliza kwetu mwizi akiingia zizini tunafanya nini. Nikamjibu tunapiga enduru, ule ukelele wa hatari, na kila mwenye miguu anakuja mbio.

"Wakija, njia inakuwaje?"

Nikasema inajaa watu. Na migomba? Inakanyagwa. Basi akaushika mkono wangu akauweka juu ya jipu. Mwili umepiga enduru, akasema. Joto hili ni damu iliyokuja mbio, na wekundu ni damu hiyo hiyo, ingawa kwa ngozi zetu wekundu unatafutwa kwa mkono zaidi kuliko kwa jicho. Uvimbe ni umati uliojaa njiani. Maumivu ni migomba iliyokanyagwa. Na usaha ni maiti za waliopigana, wezi na wenye nyumba pamoja. Tangu siku hiyo sikukamua jipu bichi tena, kwa maana ni kuwatawanya watu kabla hawajamkamata mwizi.

Homa nayo aliifundisha hivyo hivyo. Mgonjwa wa malaria anatetemeka chini ya mablanketi, anaomba moto, na ukimgusa unaungua. Nilidhani anadeka. Sista alisema mwenye nyumba ameamua nyumba iwe na moto mkubwa kuliko kawaida, na mpaka moto ufike pale anapotaka, ataona baridi tu. Jasho likija, ujue amebadili nia. Mpaka leo nikimwona mtu anatoka jasho la homa huwa nasema, haya, mwenye nyumba amefungua madirisha.

Yupo pia mchungaji aliyechomwa pembe na fahali. Aliletwa kwenye machela, anazungumza vizuri kabisa, anamtukana yule fahali kwa jina. Nilitaka kumtanguliza mwingine aliyekuwa akilia. Sista akanishika kola. Mikono ya mchungaji ilikuwa ya baridi, ina majimaji, na mapigo yake yalikwenda mbio huku yamekuwa membamba. Anazungumza, akasema, kwa sababu mwili umewanyima mikono na miguu ili ubongo na moyo wale. Ni kama wakati wa njaa, wageni hawapewi. Asiyeelewa atasema nyumba hii ina chakula. Tulimwinua miguu, tukamfunika, tukafunga kidonda, tukamtia maji ya chumvi mshipani, naye alipopona alitudai shuka lake tulilolichana.

Sasa nije kwa Deo.

Deo alikuwa mtoto wa kiume wa Ihanda, ameanza kutembea kisha ameacha. Mama yake alikuwa na mimba nyingine, ziwa limekatizwa, na mtoto amehamia kwa nyanya yake, Bibi Agata. Msimfikirie vibaya huyo bibi. Kibanja chake kilikuwa safi, migomba imeinama kwa mikungu, na mjukuu alilishwa ndizi asubuhi, mchana na jioni, laini, kwa mkono wake mwenyewe. Hakumleta kwa sababu ya kuvimba. Alimleta kwa vidonda vya pembeni mwa mdomo na ngozi iliyokuwa ikibanduka mapajani. Njia nzima, alituambia, watu walimsimamisha wakausifu mwili wa mtoto. Na kweli mashavu yalikuwa yamejaa, miguu imejaa, viganja vimejaa. Mimi pia nilimpongeza.

Sista alimtazama mtoto machoni kwanza. Mtoto hakulia, hakucheka, hakumwogopa. Nywele zake zilikuwa nyepesi, zina rangi ya majani ya mgomba yaliyokauka. Sista akabonyeza mguu kwa kidole gumba, akainua, na shimo likabaki pale. Bibi Agata akacheka, akasema mnene ndivyo alivyo. Sista hakucheka.

"Mama," alisema kwa upole ambao sikuwahi kuusikia kwake, "mjukuu wako hana mwili. Ana maji. Chini ya maji haya kuna mtoto aliyekonda sana."

Kisha akatueleza sote, mimi na bibi pamoja. Kibanja chenye samadi kinashika mvua, akasema, na rweya, ile mbuga ya majani isiyo na samadi, inayaachia maji yaende. Damu nayo ina samadi yake, ndiyo protini. Ikiwepo, maji hukaa ndani ya mishipa. Ikipungua, maji huvuja nje, yanakwenda kukaa miguuni, mikononi, usoni. Ndizi ni chakula kizuri, lakini samadi hiyo haina ya kumtosha mtoto. Anatakiwa maharage yaliyopondwa na, zaidi ya yote, maziwa.

Maharage mtoto aliyatema. Maziwa ya unga ya kopo hospitali haikuwa nayo. Maziwa mabichi yalikuwepo, tena mengi, kwa Mzee Katabazi, mwenye ng'ombe waliolisha chini ya kilima chetu. Nilitumwa mimi kwa kuwa ni mtu wa ng'ombe, nikaenda nikijua ninachokiendea. Mzee Katabazi alibatizwa kabla yangu, Jumapili alikaa benchi la mbele, lakini ng'ombe wake hawakubatizwa. Mila ya ng'ombe wale ilikuwa ile ile ya nyumbani kwetu: aliyekula maharage hanywi maziwa siku hiyo, na maziwa hayawekwi motoni. Ukiyachemsha, ng'ombe aliyeyatoa anaungua kiwele kule aliko, anakauka. Mkicheka, chekeni. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshajua mishipa na figo, na siku ya maharage bado nilikuwa sinywi maziwa.

Nilimweleza mzee yote. Maharage, alisema, ni jambo dogo, mtoto aache. Lakini aliuliza kama Sista atayachemsha. Nilijua atayachemsha, na alikuwa na haki: mtoto yule alikuwa anaharisha, na maziwa mabichi yanaweza kubeba mpaka kifua kikuu. Nikasema ukweli. Mzee akanitazama kwa huzuni, akasema nirudi salama.

Nilirudi mikono mitupu. Kompaunda wetu, mchanganya dawa Silvesta, kijana wa maarifa mengi, akashauri twende tuseme hayatachemshwa, kisha tuyachemshe jikoni, mzee atajuaje? Sista akamwambia hawezi kumpokea mtu maziwa ya kuokoa mtoto kisha amlipe uongo. Akaenda kusimama mlangoni akitazama chini ya kilima. Siku hiyo macho ya Deo yalikuwa yamevimba mpaka yamebaki nyufa, na kijiko cha uji kilikuwa kinaingia mdomoni na kutoka.

Kesho yake Mzee Katabazi akaja mwenyewe. Labda maneno yangu yalimfuata nyumbani, sijui. Alisimama kando ya kitanda, akaegemea fimbo, akamtazama Deo kwa muda mrefu. Nikabonyeza ule mguu kimya, nikainua kidole, akaona shimo. Akasema amewahi kuwa na ndama wa namna hiyo, amevimba chini ya taya kama aliyehifadhi chakula, na ngozi ya mgongo imelala juu ya mifupa. Watu walisema amenona shingo. Alikufa.

Hapo Sista akamuuliza swali ambalo nadhani lilimnyima usingizi. Maziwa yasipoguswa na moto, yakawekwa tu ndani ya chombo, na chombo kikakaa ndani ya maji ya moto, bila kuchemka, je, ng'ombe ataungua? Mzee akafikiri. Akasema hilo wazee hawakulisema, kwa sababu hakuna aliyewahi kuwauliza. Akaomba aone.

Tulimwekea kigoda jikoni. Sista aliepua sufuria la maji mekoni, akatumbukiza kopo la maziwa ndani yake, akafunika, akawa anaongeza maji ya moto kila yalipopoa, mpaka kopo lilipokuwa halishikiki. Ilichukua muda mrefu. Mzee Katabazi alikaa ametega sikio, fimbo juu ya magoti, kama mtu anayesikiliza kesi. Mwisho akasema, "Sikuyasikia yakilia." Akakubali, kwa ng'ombe mmoja tu, mzee wa zizi, jina lake Gaju. Akikauka, basi. Na kibuyu cha maziwa kisiguswe na mtu aliyekula maharage, jambo ambalo kwa hospitali ya misheni lilimaanisha mimi peke yangu, na kwa muda wote ule nikawa nakula ndizi tupu.

Deo alianza kunywa, kijiko kwa kijiko. Kuhara kukapungua. Kisha akaanza kukojoa, na hapa ndipo nawaomba msome polepole. Samadi ilikuwa imerudi kwenye damu, na damu ilikuwa inayaita maji yake. Maji yakarudi mishipani, yakapita kwenye figo, yakatoka. Kila asubuhi nguo zake zilikuwa zimelowa chepechepe, na kila asubuhi mtoto alikuwa mwembamba zaidi. Mashavu yakaanguka. Miguu ikawa fito. Mbavu zikahesabika. Sisi tulifurahi. Bibi Agata aliona mjukuu aliyekuja mnene anakwisha mikononi mwetu.

Nilimkuta asubuhi moja ameshamfunga mgongoni, amekunja mkeka. Hakupiga kelele, na hilo liliniogopesha zaidi. Alisema alituletea mtoto ana vidonda vya mdomo, nasi tumemkausha; maziwa yale yameogeshwa na mambo yake hayajulikani; kama ni kufa, mtoto akafie kwenye migomba yake. Sista alikuwa chumba cha uzazi na mama aliyekuwa taabani, hawezi kutoka. Nilikuwa mimi tu. Na nilijua akifika Ihanda atarudi kwenye ndizi, na shimo litarudi, na safari ile hatutamwona tena.

Nilitamani niwe na maneno ya Sista, sikuwa nayo. Nikamwomba tu amshushe kidogo, ambonyeze mwenyewe. Akakataa. Nikamwambia, "Mama, mimi siwezi kukuzuia. Lakini usiondoke na macho yangu, ondoka na kidole chako."

Akamshusha. Nikakichukua kidole gumba chake, kigumu kwa jembe, nikakiweka juu ya mguu wa mtoto. Akabonyeza. Akabonyeza kwa nguvu kuliko nilivyotaka. Akainua, tukatazama wote wawili, na ngozi ikarudi pale pale, hakuna shimo. Naye Deo, ambaye tangu aletwe hakuwahi hata kumkasirikia mtu, akakunja uso, akaupiga mkono wa bibi yake kofi, akalia kwa sauti iliyofanya wodi nzima igeuke.

Bibi Agata alimwangalia. Machozi yakamtoka. "Ndiye huyu," alisema. "Huyu ndiye mjukuu wangu, mkali." Akakunjua mkeka.

Ningependa kuwaambia kwamba taabu ziliishia hapo. Hazikuisha. Siku chache baadaye maziwa hayakuja. Tulingoja mpaka umande ukakauka kwenye majani, mtoto analia njaa, kwa sauti sasa, na Sista anazunguka jikoni akigusa vitu bila sababu. Mimi nilijua. Gaju alikuwa mzee, na ng'ombe mzee hukauka siku yoyote apendayo, lakini nani angeweza kumwambia hivyo mtu aliyekaa kwenye kigoda akisikiliza maziwa?

Mchana Mzee Katabazi akapanda kilima. Tulimwamkia, akaitikia. Akasema Gaju amekauka. Mzee akasema labda ni yale maji ya moto, labda ni uzee, yeye hajui na hatuombi tumweleze. Kisha akauliza kama mtoto amekunywa kitu leo.

"Bado, baba," Sista akasema.

Mzee Katabazi akafungua shuka lake, akatoa kibuyu kingine, kimefukizwa moshi upya, kimejaa mpaka shingoni. "Haya ni ya Bihogo," akasema.

Bihogo alikuwa ng'ombe wake mwekundu, mama wa nusu ya zizi, aliyetajwa kwa majina ya sifa kwenye harusi za wanawe. Nilimjua. Kila mtu wa ng'ombe katika upande ule alimjua. Mzee akaenda jikoni bila kukaribishwa, akakivuta kigoda, akakaa, akatega sikio, akatungoja tuweke maji motoni.

Deo aliondoka hospitalini akitembea, sehemu ya njia, sehemu nyingine alibebwa. Bihogo hakukauka. Sista Klotilda alizeeka akarudi ziwani kwa watawa wenzake, na kwa habari nilizozipata aliendelea kukagua kucha za watu mpaka mwisho. Tereza, miguu yangu usiichukulie kama ya Deo. Mimi nakula maharage vizuri siku hizi. Ukiona shimo kwa mzee wa umri wangu, sikiliza moyo, kisha uulize habari za mkojo, na usiondoke hapo mpaka upate jibu.

Kwenye mtihani mtaulizwa kwa nini mwili wa mtoto huvimba. Andikeni protini imepungua katika damu na maji yamevuja nje ya mishipa, mtapewa alama zote. Hakuna atakayewauliza habari za Bihogo, ndiyo maana nimeziandika hapa.